Je, Vimelea vya Damu Huoteshwa Kama Mahindi?

Makala haya yametokana na kipindi kimoja cha Sayansi tulichokitazama katika shule ya msingi huko Katumba, mkoani Katavi, tulipokwenda kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo aliyekuwa mbele ya darasa la sita alikuwa akifundisha magonjwa ya mifugo. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ubaoni ulisomeka hata kutoka dawati la nyuma kabisa, na jedwali lake lilikuwa na safu nne zilizopigwa kwa rula: jina la ugonjwa, kinachoueneza, dalili, kinga. Chini ya jedwali hilo aliandika sentensi aliyoitoa kitabuni, kwamba vimelea vya damu huchukuliwa kutoka kwa ng'ombe mgonjwa na kuoteshwa katika maabara.

Hapo mvulana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, vinaoteshwa kama mahindi? Vinapandwa kwenye nini?" Darasa likacheka. Mwanachuo naye akatabasamu, akajibu kuwa hayo ni mambo ya wataalamu wenye mashine. Wao waandike tu. Baadaye kidogo msichana aliyekaa karibu na dirisha akauliza lake, wala hakuna aliyecheka. Ndama wao alivimba tezi chini ya masikio, akashindwa kupumua vizuri, povu likamtoka puani. Baba yake alinunua dawa ya nagana dukani, akamchoma sindano mara mbili, na ndama akafa. "Kwa nini dawa haikufanya kazi?" Akajibiwa kwamba labda dawa ilikuwa imekwisha muda wake. Kengele ikalia.

Sisi tulikuwa tumekaa nyuma, fomu ya ukaguzi magotini, na tulimpa mwanachuo yule alama nzuri: zana, sauti, ubao, utaratibu. Ilikuwa njiani kurudi Mpanda mjini ndipo tulipoanza kuona haya. Maswali mawili bora kuliko yote tuliyoyasikia mwaka ule yalikuwa yameulizwa mbele yetu, yakapita, na fomu yetu haikuwa hata na nafasi ya kuyaandika. Tena tulitambua kuwa yale majibu ya mwanachuo yalikuwa majibu yetu. Ndivyo tulivyomfundisha chuoni: jina, kinachoeneza, dalili, kinga, na mengine waachiwe wataalamu.

Rai yetu ni kwamba maswali yale mawili yana jibu moja, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi aweza kulifikisha jibu hilo kwa wanafunzi wake bila hadubini wala umeme, mradi yeye mwenyewe aelewe jinsi vimelea vya damu vinavyokuzwa maabarani na kwa sababu gani.

Yafaa kwanza tuseme habari za mahali penyewe. Katumba ilianzishwa mwaka 1973 kuwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi kwa sababu ya mauaji ya mwaka 1972, na wengi wao pamoja na watoto wao wamepata uraia wa Tanzania katika miaka ya 2010. Waliofika kwanza walikuta miombo, na ndani ya miombo walikuta mbung'o. Mbung'o hubeba tripanosoma, ambazo kwa ng'ombe huleta nagana na kwa binadamu huleta malale. Baadaye wafugaji kutoka kaskazini walihamia katika mkoa huu na makundi ya ng'ombe, na mahali ng'ombe wanapokwenda, kupe huandamana nao. Kupe hubeba vimelea vingine: vya ndigana kali, vya ndigana baridi, na vya ule ugonjwa wa kukojoa damu. Kwa hiyo mtoto wa Katumba anayepelekwa machungani baada ya masomo, au badala ya masomo, anakutana na magonjwa haya kwa macho yake kabla hajayakuta ubaoni. Tuongeze kuwa majina "nagana" na "ndigana" yanafanana mno masikioni, na tumewasikia watu wazima wakiyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Kosa hilo la sikio laweza kuuwa ng'ombe.

Sasa na turudi kwenye swali la mahindi. Kuona kimelea ni kazi moja, na kukikuza ni kazi nyingine, wala mwalimu asizichanganye. Kuona kulianza zamani. Daktari Mjerumani Robert Koch alipofanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898, aliona ndani ya chembe nyekundu za damu ya ng'ombe wa pwani vimelea vidogo sana, lakini akavidhania kuwa ni vya ugonjwa mwingine uliojulikana Marekani. Miaka michache baadaye ugonjwa huohuo ulizuka Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, baada ya ng'ombe kuletwa kutoka pwani yetu. Ndiyo maana hadi leo Wazungu huuita homa ya Pwani ya Mashariki. Sisi twauita ndigana kali. Kimelea chake kinaitwa Theileria parva, kwa heshima ya Arnold Theiler wa Afrika Kusini. Wanachuo wengi hushangaa wakisikia kwamba jina linalotumika katika vitabu vya dunia nzima lilianzia kwenye ng'ombe wa pwani ya kwetu.

Mganga wa mifugo wa leo hufanya hivi. Akishuku ndigana kali, hudunga sindano katika tezi iliyovimba, hupaka majimaji yake juu ya kioo, hukitia kioo rangi ya Giemsa, na kukitazama kwa hadubini. Akishuku nagana, huchukua tone la damu na kulitazama kama mna tripanosoma zinazojinyonganyonga kati ya chembe nyekundu. Kazi hii haichukui muda mrefu, na ndiyo iliyopaswa kufanywa kwa ndama wa yule msichana. Kukuza vimelea si njia ya kumpima ndama aliye taabani. Angekufa kabla vimelea havijaongezeka chupani. Vimelea hukuzwa ili viishi nje ya mnyama, mahali ambapo mtu aweza kuviuliza maswali: mnakula nini, mnataka joto kiasi gani, na ni dawa gani itakayowaua?

Vimelea vya damu vilikataa kujibu kwa muda mrefu. Mwaka 1904 Novy na MacNeal wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walifaulu kukuza Trypanosoma brucei katika mchanganyiko wa damu na agari. Zilikua vizuri, lakini zilipotiwa katika wanyama, kwa kawaida hazikuleta ugonjwa tena. Kwa nini? Zilikuzwa katika joto la chumba, si la mwili wa ng'ombe, nazo zikageuka na kuwa kama zilivyo ndani ya tumbo la mbung'o. Joto lilikuwa limeziambia kwamba zimo ndani ya inzi. Ilipita miaka zaidi ya 70 kabla ya Hirumi, Doyle na Hirumi, katika maabara ya kimataifa ya Kabete, karibu na Nairobi, kueleza mwaka 1977 jinsi walivyozikuza zikiwa katika hali ileile ya damuni, zenye nguvu ya kuambukiza. Walizipa joto la nyuzi 37, na chini ya chupa walitandaza tabaka la chembe hai za ng'ombe, tripanosoma zikawa zinaogelea juu yake kama watoto waliolazwa karibu na mama. Mwaka 1989 ilionekana kwamba zaweza kukua hata bila tabaka lile, mradi zipewe ndani ya maji ya chakula vitu ambavyo zile chembe zilikuwa zikiwapa kimyakimya.

Tunawasihi wasomaji wasiikimbilie habari ya mashine. Watazame habari ya joto. Kimelea kilekile, chakula kinachokaribiana, joto tofauti: huku kinakuwa cha inzi, huku kinakuwa cha ng'ombe. Mtoto wa darasa la sita aweza kulielewa jambo hilo, na akilielewa ameelewa pia kwa nini mbung'o si sindano tu ya kuhamisha damu kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Kimelea hupitia maisha mengine ndani ya mbung'o, yenye masharti yake.

Je, ataelewaje bila kuona? Katumba, kama kwingineko kwenye ng'ombe, nyumba nyingi hugandisha maziwa. Mama huchemsha maziwa, huyaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, huongeza kijiko cha mtindi wa jana, hufunika, na huweka mahali penye joto. Kesho yake yameganda. Kijiko kimoja cha mtindi huo huwa mbegu ya maziwa mengine. Huku ndiko kuotesha vimelea hasa, wala si mfano wa mbali. Katika maabara nako hutengenezwa maji ya chakula yasiyo na wadudu wengine, hutiwa mbegu, huwekwa katika sanduku la joto, na kila baada ya siku mbili tatu sehemu ndogo huhamishiwa katika chakula kipya, kwa sababu cha zamani kimekwisha na kimejaa taka. Mama asiyehamisha mbegu yake hupoteza mtindi. Mtaalamu asiyehamisha yake hupoteza vimelea.

Basi mwanachuo na achukue makopo manne na maziwa yaliyochemshwa. La kwanza litiwe mbegu na kufunikwa mahali penye joto. La pili litiwe mbegu na kuwekwa ndani ya maji ya mtungi yaliyo baridi. La tatu liwekwe penye joto bila mbegu. La nne litiwe mbegu maziwa yakiwa bado yanatokota, kisha liwekwe penye joto pamoja na la kwanza. Kabla ya kuyafunika, kila mwanafunzi aandike anachotazamia. Kesho yake wayafunue wenyewe. Tumelijaribu zoezi hili chuoni, na ubishi uliotokea juu ya kopo la nne ulitushinda kuuzima: wengine wanasema mbegu imekufa, wengine wanasema imelala. Ubishi huo ni mali, na mwalimu asiukate kwa kutoa jibu. Atwae kijiko kutoka kopo lile, akitie katika maziwa mengine vuguvugu, na kungoja siku moja zaidi. (Hapa twaomba jambo moja la tahadhari. Maziwa yawe yamechemshwa kweli, wala wanafunzi wasiyanywe yale ya majaribio. Ng'ombe aweza kuambukiza watu maradhi kwa maziwa mabichi, na somo la afya lisianze kwa kuuguza darasa.)

Mfano wa mtindi una mwisho wake, na hapo mwisho ndipo penye utamu. Wadudu wa mtindi hula maziwa yenyewe na kuishi peke yao. Kimelea cha ndigana kali hakiwezi hivyo. Mwalimu na aulize: ikiwa kitu hiki huishi ndani ya chembe ya ng'ombe, tukitaka kukiotesha tutakipanda wapi? Tulipouliza swali hili kwa wanachuo, waliokaa mbele walitafuta katika daftari, lakini aliyejibu alikuwa mmoja wa waliokaa nyuma: "Itabidi tumwoteshe ng'ombe kwanza." Ndivyo hasa. Mwaka 1970, Malmquist, Nyindo na Brown, waliokuwa katika maabara ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki huko Muguga, Kenya, walitangaza kwamba wamekuza chembe za ng'ombe zilizokuwa na Theileria parva ndani yake. Muguga wakati ule ilikuwa ya nchi zetu tatu kwa pamoja, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977.

Na hapa pana jambo ambalo kila tukilifundisha hutushangaza upya. Chembe nyeupe ya ng'ombe mzima ikitolewa mwilini na kuachwa chupani hudhoofika na kufa. Ile iliyoingiliwa na Theileria haifi. Kimelea hakiili upesi. Huiamrisha igawanyike, na igawanyike tena, bila kikomo. Kila inapogawanyika kimelea nacho hugawanyika, kila chembe mpya ikapata sehemu yake ya urithi. Chakula kikiwapo, joto la nyuzi 37 likiwapo, na hewa iliyoongezwa kaboni dayoksaidi kidogo ikiwapo, chembe hizo huendelea kuongezeka kwa miezi na miaka. Ugonjwa wenyewe ndio unaoifanya chembe ikubali kuishi chupani.

Sasa tumkumbuke ndama wa yule msichana, na tezi zake zilizovimba chini ya masikio. Yanayotokea chupani ndiyo yaliyokuwa yakitokea ndani ya tezi zile. Chembe nyeupe zilikuwa zikigawanyika kwa amri ya mgeni. Mapafu yalipojaa majimaji, pumzi ikakatika na povu likatoka. Mwanafunzi aliyeelewa chupa anaelewa uvimbe, naye hahitaji kukariri safu ya tatu ya jedwali.

Na dawa je? Dawa ya nagana iliyo maarufu kwa wafugaji ni ile iitwayo diminazini. Huziua tripanosoma, na hufaa pia kwa vimelea vya kukojoa damu. Theileria iliyojificha ndani ya chembe nyeupe haiuwi. Kwa dalili alizozieleza yule msichana, ndama wake yaelekea alikuwa na ndigana kali. Kioo chini ya hadubini ndicho ambacho kingethibitisha. Ikiwa ndivyo, basi hata dawa mpya kabisa, iliyotoka kiwandani jana, ingempata mhalifu asiye wake. Kwa miaka mingi ndigana kali haikuwa na dawa ya kutegemewa. Baada ya chembe za Muguga na nyingine kama hizo kupatikana, wataalamu waliweza kuweka vimelea katika chupa nyingi na kuvijaribia dawa moja baada ya nyingine, bila kumwua ng'ombe kwa kila jaribio. Kwa njia hiyo ilipatikana menoktoni, iliyotangazwa mwaka 1976, na nyuma yake wakaja ndugu zake parvakwoni na buparvakwoni, ambayo ndiyo hutumika sasa, nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema. Dawa ikimwua mgeni, chembe hukosa amri, nayo huacha kugawanyika.

Hivyo swali la mvulana na swali la msichana yanakutana. Aliyeuliza vimelea hupandwa kwenye nini, na aliyeuliza kwa nini dawa haikufanya kazi, wote wawili walikuwa wakigonga mlango mmoja. Mwanachuo aliwafungia wote wawili, nasi tukaandika "Vizuri".

Hatuna budi kukiri kosa letu jingine. Kwa miaka kadhaa tuliwaambia wanachuo kwamba vimelea vya ndigana kali huoteshwa chupani ili kutengeneza chanjo. Ilisikika vizuri, ilitupa jibu la haraka la "faida ya maabara". Si kweli. Chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970 hutengenezwa kwa kupe. Kupe hulishwa kwa ng'ombe mwenye ugonjwa, kisha husagwa, na maji yake yenye vimelea hai hugandishwa katika naitrojeni ya majimaji, penye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mchanganyiko wake una aina tatu za vimelea, na mojawapo asili yake ni Serengeti. Ng'ombe hupewa vimelea hivyo pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini ikaayo mwilini kwa muda mrefu, ili ugonjwa uwe mdogo na kinga ibaki. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa ng'ombe wengi tangu miaka ya 1990. Chembe zilizokuzwa chupani zilijaribiwa pia kuwa chanjo, lakini hazikufaa kwa ndigana kali: mwili wa ng'ombe huzikataa chembe za ng'ombe mwingine, na kimelea hupotea pamoja nazo kabla hakijahamia kwa mwenyeji mpya isipokuwa zikitiwa nyingi sana. Kwa kimelea kingine cha jamii hiyo, Theileria annulata, njia hiyo ya chupa hufaa, na nchi kama Israeli, Uturuki na India zimeitumia. Twayaeleza haya ili mwanachuo aone kuwa hata mkufunzi mwenye stashahada yake ukutani huweza kufundisha uongo mzuri kwa miaka, asipoulizwa "kwa nini" na mtu yeyote.

Tuna jambo moja zaidi la darasani, nalo lahusu mshumaa. Karibu kila mwanachuo amewahi kufunika mshumaa kwa gilasi juu ya sahani ya maji, akawaambia watoto kuwa moto umezimika kwa sababu oksijeni imekwisha yote. Mwaka 1976 Trager na Jensen, New York, walifaulu kukuza vimelea vya malaria ya binadamu ndani ya chembe nyekundu za damu, mfululizo, bila kukoma. Chombo walichokitumia kupata hewa ifaayo kilikuwa chungu kikubwa cha kioo chenye kifuniko, na ndani yake mshumaa uliowashwa. Kifuniko kilifungwa, mshumaa ukazimika, na hewa iliyobaki ikawa na kaboni dayoksaidi zaidi na oksijeni pungufu, kama vimelea vilivyotaka. Lakini pungufu si kwisha: oksijeni iliyobaki katika chombo cha namna hiyo ni kama sehemu 15 hadi 17 katika 100, badala ya 21 za hewa ya kawaida. Mshumaa huzimika mapema, oksijeni nyingi ikiwa bado ipo. Na maji yanayopanda ndani ya gilasi hupanda hasa kwa sababu hewa iliyokuwa moto imepoa na kusinyaa. Miaka minne baadaye, mwaka 1980, Levy na Ristic huko Marekani walikuza Babesia bovis, mmojawapo wa vimelea vya kukojoa damu, kwa kuziacha chembe nyekundu za ng'ombe zitulie chini ya maji ya chakula, wakipima kina cha maji hayo ili oksijeni ifike kidogo tu.

Kwa hiyo jaribio la mshumaa, ambalo wakufunzi wengine hulidharau kuwa ni la kitoto, lilikuwamo katika maabara iliyotegua mojawapo ya vitendawili vikubwa vya vimelea vya damu. Wanachuo wakilijua hili watalifundisha kwa moyo mwingine. Nao watalifundisha kwa usahihi zaidi, maana kimelea hakidanganyiki kwa maelezo ya kitabu. Hewa isipokuwa sawa, kinakufa.

Twajua tutakayoambiwa. Wenzetu wa idara wamekwisha kutuambia kuwa muhtasari hauna nafasi, kwamba darasa lina watoto 80, kwamba mtihani utauliza dalili na kinga. Hatupingi kwamba mtihani utauliza hivyo. Twauliza tu ni mtoto gani atakayezishika dalili kwa muda mrefu: yule aliyezinakili, au yule anayejua kwa nini tezi huvimba? Kuhusu nafasi, hatudai kipindi kipya. Mtindi waweza kuchukua mahali pa lile jedwali la safu nne.

Kuna pingamizi moja tunalolikubali kabisa. Mwanachuo mmoja mwenye ari, baada ya kutusikia, alitaka kuleta darasani damu ya ng'ombe kutoka machinjoni, aiweke chupani na kutazama. Tulimkataza. Damu isiletwe darasani, wala kupe wasipasuliwe kwa vidole vya watoto. Wasio na vyombo vya kazi hiyo wasiifanye. Zoezi la makopo manne na la mshumaa yanatosha kumfikisha mwanafunzi mlangoni. Yaliyomo ndani yasimuliwe kwa maneno sahihi, na mchoro mmoja mkubwa ubaoni wa chembe yenye mgeni ndani yake, ikigawanyika mara mbili.

Wiki ya tatu ya mazoezi tulirudi Katumba. Tulikuwa tumezungumza na mwanachuo yule kwa kirefu, bila fomu. Safari hii ubao wake ulikuwa mchafu. Makopo manne yalikuwa juu ya meza, mawili yamemwagikia daftari la mahudhurio. Alikosea kipimo cha muda, na mchoro wake wa chembe ulifanana zaidi na yai. Alimwita mbele yule msichana wa dirishani, akamwomba aeleze tena habari za ndama wao, kisha akaliuliza darasa ni kimelea gani kilichokuwamo na dawa ile ilikuwa ya kimelea gani. Walibishana hadi mlango ukafunguliwa na mwalimu wa kipindi kilichofuata. Msichana hakusema mengi. Aliuliza kama mganga wa mifugo hulipwa shilingi ngapi kutazama kioo kimoja, na mwanachuo akasema hajui, ataulizia ofisini na kumletea jibu Jumatatu. Yule mvulana wa mahindi alikuwa na lake. Alitaka kujua ndani ya kupe kuna joto gani, asubuhi na usiku, maana kupe hana damu moto kama ng'ombe. Mwanachuo aliliandika swali hilo katika pembe ya ubao, akalizungushia mstari wa chaki, na kumwomba mwalimu aliyeingia asilifute.